Saini ya Kwanza

Watu wakisikia kuwa mimi ni mhandisi wa matengenezo ya ndege, huniuliza kwanza kama najua kurusha. Nikijibu kuwa sijui, nyuso zao husinyaa, kana kwamba wameahidiwa pilau wakaletewa wali mkavu. Zamani nilikuwa nakasirika. Siku hizi nawaambia tu kuwa rubani ni dereva, na dereva haondoki mpaka mimi nimesema aondoke. Hapo hunyamaza, nami hufurahi, maana sijawahi kuona haya kwa sifa niliyoitolea jasho.

Nilizaliwa Mgeta, juu kule ambako shamba limesimama wima na kabichi ikikuponyoka unaifuata kwa jirani. Kwetu Waluguru ukoo ni wa mama. Ardhi ni ya upande wa mama, watoto ni wa upande wa mama, na mwenye kauli juu ya watoto hao ni kaka wa mama. Baba yangu alikuwa mtu mwema na alinipenda sana, lakini lilipokuja suala la mimi kusoma au kutosoma, alikaa mkekani kama mgeni akamsubiri mjomba aseme.

Mjomba alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda kimoja mjini Morogoro, akiishi Mafiga. Alipanda Mgeta nilipovunja ungo, kwa sababu shauri lilikuwa limeanza kuwa kubwa. Wanawali wa ukoo wetu walikuwa wakiwekwa ndani muda mrefu, wakifundwa na kunenepeshwa, na mama mkubwa alikwisha kunitengea chumba. Mjomba akasema nitakaa ndani wakati wa likizo tu. Shule zikifunguliwa nitoke, niteremke naye mjini. Mama mkubwa hakuwa mtu wa kuzungukazunguka. Alimwambia mbele ya ukoo mzima kwamba mwali anayetolewa kabla hajaiva ni mzigo wa aliyemtoa, na nikiharibika aibu itakuwa yake. Mjomba akajibu, "Iwe yangu." Tangu siku hiyo jina langu na jina lake yakawa kwenye kapu moja, na hakuna aliyeniacha nisahau.

Mafiga nilijifunza mambo mawili: Kiswahili cha mjini na spana. Jumapili mjomba alikuwa akitengeneza mashine za kusaga za watu, nami nikimshikia vifaa. Jumapili moja alinipakia kwenye baiskeli tukaenda uwanja mdogo wa ndege nje ya mji, uwanja wa nyasi tu, wenye mbuzi wengi kuliko ndege. Msimu ule kulikuwa na ndege ya kunyunyizia dawa kwelea waliokuwa wakimaliza mpunga. Nilitegemea kushangaa mabawa. Nilichoshangaa ni kumwona rubani amekaa juu ya dumu la mafuta, miwani mikubwa usoni, amenuna, huku mtu mmoja aliyepakaa oili mpaka masikioni akiwa ameingiza kichwa kwenye injini. Rubani alikuwa akiuliza kila mara kama tayari, na yule mtu, bila kutoa kichwa, alikuwa akijibu, "Bado." Nilikuwa msichana wa darasa la saba ambaye hajawahi kumwambia mtu mzima bado. Nikaamua pale pale kuwa hiyo ndiyo kazi yangu.

Sitawachosha na habari za shule. Nilikwenda sekondari ya ufundi, wasichana tukiwa wachache hata choo chetu kilikuwa cha kuazima kwa walimu. Kisha nikapata nafasi ya kujifunza kazi Dar es Salaam kwenye karakana ya ndege ya shirika la umma. Nilianza kwa kuosha vipuri kwa mafuta ya taa mpaka ngozi ya vidole ikachubuka. Nikajifunza kufunga waya wa usalama, ule mwembamba unaozuia nati isilegee ndege ikitikisika angani. Nikafunga, nikafumuliwa, nikafunga tena. Nilikuwa na hasira za haraka, na ninazo bado, lakini kazi ile haitaki hasira. Ukikaza nati kwa hasira unaikata.

Nikiwa katikati ya mafunzo, nchi ikageuka. Zilikuwa zile enzi za ruksa, kila kitu ruksa: mitumba ruksa, runinga ruksa, kampuni binafsi ruksa, na kupunguzwa kazi nako ruksa. Kiwanda cha mjomba kikafungwa kikisubiri mnunuzi. Mtu aliyekuwa akitoka asubuhi na sare yake ya buluu akabaki barazani Mafiga amevaa koti la mtumba, akiwatengenezea majirani majiko ya mkaa. Shirika letu nalo likapunguza watu, nami nikawa mmoja wao. Nilitembea na vyeti vyangu mpaka kampuni ndogo binafsi yenye ndege chache za kukodi ikanichukua, na humo ndimo nilimosomea mitihani ya leseni, usiku kwa usiku, nikafaulu yote.

Hapa nieleze jambo moja, maana bila hilo mengine hayataeleweka. Kwenye kazi yetu, kutengeneza si mwisho. Ndege ikishatengenezwa, mtu mwenye leseni na kibali cha kampuni yake lazima asaini kuwa iko salama. Bila saini hiyo ndege ni bati tu. Saini ndiyo heshima yenyewe. Mimi nilikuwa na leseni, lakini mwenye kampuni hakutaka kunipa kibali. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwoga wa wateja. Alisema abiria wake ni watu wazito, na wakiuliza nani amepitisha ndege yao wakaonyeshwa binti, watakwenda kwa jirani. Fundi mkuu wetu, mzee wa shirika la zamani aliyenifundisha karibu kila ninachokijua, hakubishana naye. Alisubiri.

Siku ikaja ndege yetu moja ilipokwama Morogoro. Ilikuwa imewapeleka wateja wawili waliokwenda kukagua kiwanda wanachotaka kukinunua, kile kile alichokuwa akifanyia kazi mjomba. Walipotaka kurudi, rubani akajaribu injini kabla ya kuondoka, akaona inakoroma. Injini ya ndege ndogo ina magineto mbili za kutoa cheche, ili moja ikifa nyingine ikufikishe. Moja ilikuwa imekufa. Mwenzetu mwingine wa kusaini alikuwa porini na ndege nyingine, na fundi mkuu alikuwa amelala na malaria. Akamwambia mwenye kampuni kuwa aliyebaki ni mimi. Mwenye kampuni aliniita, akaniambia bila kunitazama vizuri kwamba niende, na kwa kazi hii nitasaini. Ndege ikirudi kama inavyotakiwa, kibali ni changu. Nikimwaibisha mbele ya wateja wale, nitahamia stoo ya vipuri na nitabaki huko.

Tulikwenda kwa pikapu, mimi na mwenzangu mmoja, Mnyamwezi wa Tabora, fundi mzuri na mcheshi ambaye hakuweza kufunga mdomo hata akiwa na kiu. Tulifika jioni. Yeye alilala nyumba ya wageni. Mimi nililala Mafiga kwa mjomba. Nikafanya kosa la kumweleza kila kitu, pamoja na saini. Alivaa viatu, akatoka, akaenda sokoni kuwatafuta madereva wa malori ya mboga yanayorudi Mgeta, na habari ikapanda mlima pamoja nao.

Kesho yake asubuhi tulikuwa tumeshafungua injini nilipomwona mjomba anakuja kwenye nyasi na msafara. Mama, mama mkubwa, mama mdogo, na mzee mmoja wa ukoo mwenye fimbo. Walikuwa wameteremka alfajiri juu ya lori la kabichi na karoti, na mama mdogo bado alikuwa na jani la kabichi kwenye kilemba. Nikawaamkia mmoja mmoja, mikono yangu myeusi nikiificha nyuma. Mama mkubwa aliitazama ndege, akanitazama mimi na ovaroli, akauliza kama ile suruali ni lazima. Mjomba akamwambia ni sare. Nilijua kilichowaleta. Mama mkubwa alikuwa amekuja kuona mzigo wa mjomba umeishia wapi, na mjomba alikuwa amemwita aone.

Mwenzangu aliposikia kuwa hawa ni Waluguru wa Mgeta, alifurahi mno. Wanyamwezi ni watani wetu, tangu enzi za misafara iliyopita Morogoro ikielekea pwani. Mtani hana adabu na hatakiwi kuwa nayo. Atakutukania ukoo, atakuja msibani kwako adai supu, atachukua kofia yako akae nayo mpaka uikomboe, na wewe ukinuna ndiye utakayechekwa. Basi akawaambia wazee wangu wasiogope ardhi tambarare, hawataanguka. Mjomba, ambaye sikuwa nimemsikia akicheka tangu kiwanda kifungwe, akamjibu kuwa babu zake walipita hapa na mizigo ya watu kichwani, na yeye mpaka leo bado anabeba. Akaonyesha sanduku la vifaa. Wote wakaangua kicheko, hata yule mzee wa fimbo.

Tulifunga magineto mpya, tukapima majira ya cheche, zisiwahi wala zisichelewe, tukahesabu vifaa. Kuhesabu vifaa kwetu ni kama kunawa mikono kabla ya kula. Sanduku letu lilikuwa na sponji iliyokatwa kwa umbo la kila kifaa, kila spana na kitundu chake, kila bisibisi na kitundu chake, na kitundu kitupu unakiona hata ukiwa umbali wa hatua kadhaa. Vyote vilikuwepo. Nikawaomba wazee wasogee mbali, rubani akawasha, injini ikalia vizuri mpaka nikasikia raha kifuani. Ikazimwa. Wazee wakarudi mbio, wamechangamka, wakitaka kugusa. Tulifungua vifuniko mara ya mwisho kuangalia kama kuna oili inayovuja, hakuna, na mwenzangu akaanza kufunga huku yeye na mjomba wakipigana vijembe. Kisha nikawaomba tena wakae kule pikapu ilikoegeshwa, pembeni ya uwanja, maana ndege ilikuwa inaondoka. Wateja walikwisha kufika kutoka hotelini. Rubani alikuwa akitazama milima, kwa kuwa msimu ule mvua ilikuwa ikiteremka kutoka Uluguru mchana, na ukungu ulikwisha kuzifunika safu za juu.

Nikaliendea sanduku kuhesabu kwa mara ya mwisho. Kitundu kimoja kilikuwa kitupu.

Ilikuwa bisibisi fupi, nene, ya mpini wa manjano, ile ya kufikia skrubu za nyuma ya injini ambako mkono haunyooki. Nilimuuliza mwenzangu. Akajipapasa mifuko, akacheka, kisha akaacha kucheka. Tukatafuta kwenye nyasi. Tukatafuta chini ya mabawa, ndani ya ndege, chini ya viti. Tukageuza mifuko yetu nje nje, yake na yangu. Wateja wakatazama saa. Nikasema vifuniko vifunguliwe tena.

Bisibisi ndogo kama ile haionekani kuwa kitu. Lakini nyuma ya injini hupita waya ambao rubani huuvuta kuongeza na kupunguza nguvu. Kifaa kikisahaulika pale, kinaweza kukaa kimya wakati wa kupaa, kikatikisika kidogo kidogo, kikajibana kwenye waya ule ndege ikiwa juu ya msitu. Tuliingiza kioo na tochi kila upenyo. Hatukuiona. Kutoiona hakukunisaidia kitu, kwa sababu kuna pembe zilizojificha ndani ya injini ambako kioo hakifiki.

Rubani akanivuta pembeni. Alikuwa mtu mzima, na kwa haki alizungumza kwa upole. Alisema tumeangalia, haimo, huenda ilidondoka njiani kwenye nyasi, mvua inakuja, na wateja hawa wakilala Morogoro usiku wa pili kampuni imewapoteza. "Dada," akasema, "bisibisi moja tu."

Niliwatazama wazee wangu kule kwenye pikapu. Walikuwa wamesimama sasa. Kwa mbali walichoweza kuona ni kwamba ndege iliyokwisha fungwa imefunguliwa tena, na binti yao anazunguka kama kuku aliyepotelewa na kifaranga. Mama mkubwa alikuwa anasema kitu na mjomba hakuwa anajibu. Nilijua kabisa kitakachosemwa Mgeta jioni: ameshindwa, ndege imemshinda, tulisema. Nilijua pia kuwa stoo ya vipuri iko nyuma ya karakana, haina dirisha. Nilitaka kusaini kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Mkono wenyewe ulikuwa unaniwasha.

Nikamwambia rubani, "Sijui bisibisi yangu iko wapi. Mpaka nijue, ndege hii haiendi popote."

Mmoja wa wateja akaniuliza kama nina bosi. Nikamjibu ninaye, yuko Dar es Salaam, na simu iko posta. Rubani akapanda gari la hoteli pamoja na wateja, wakaenda mjini kupiga simu. Alipokuwa anapanda aliniambia, bila ubaya, kuwa anasikitika kwa yatakayonipata.

Mwenzangu akakaa chini kwenye nyasi na kushika kichwa. Ndipo nikaenda kwa wazee. Ilikuwa safari ndefu kuvuka uwanja ule na kitu cha aibu cha kusema. Nikawaambia ndege haitaondoka. Wasiendelee kukaa juani, lori la kurudi Mgeta lisije likawaacha. Mama akaniuliza imeharibika nini tena. Nikasema haijaharibika, injini ni nzima, ila kuna kifaa kimoja kimepotea, na kifaa kikipotea ndege hairuki, kwa sababu kinaweza kuwa kimebaki ndani na kuua watu.

Mjomba akauliza ni kifaa gani. Nikamwambia bisibisi fupi ya manjano.

Mama mdogo alianza kucheka, kisha akajiziba mdomo kwa kanga. Rangi ya uso wa mjomba ikabadilika nikiitazama. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa ndani wa koti lake la mtumba. Akaitoa.

Alikuwa ameichukua kwenye bawa, wakati yule mtani wake alipogeuka kufunga skrubu. Ilikuwa utani, basi. Kamchukulia mtani kitu chake, anangoja mtani aje kukikomboa kwa jogoo au angalau soda, na akina mama wote walikuwa wamemwona na kukaa na kicheko chao tumboni kusubiri. Hawakujua kuwa ile si mali ya mtani. Walituona tukihangaika kwa mbali wakadhani ni injini. Mimi nami sikwenda kuwauliza, kwani ni nani angefikiria kumsachi mjomba wake?

Hasira zilinipanda mpaka nikasikia masikio yakivuma. Sikumwambia neno, ni mjomba wangu. Nilichukua bisibisi, nikarudi nayo, nikaitia kwenye kitundu chake, na nilipoisikia inavyokaa mle nikaanza kulia kama mtoto, mbele ya mwenzangu, na yeye naye, mcheshi yule, hakutania.

Tulipomaliza kufunga vifuniko, tone la kwanza la mvua likapiga bawa. Gari la hoteli likarudi. Nilikuwa na nafasi ya kusema tumeiona kwenye nyasi. Ingekuwa rahisi, na mwenzangu alikwisha kunikonyeza. Lakini mjomba hakuningoja. Alikuja kutoka kwenye pikapu, mvua inamnyeshea, na mzee wa fimbo nyuma yake, akasimama mbele ya rubani na wale wateja wawili, watu waliokuja kununua mashine alizozihudumia maisha yake yote. Akavua kofia. Akawaambia kuwa kifaa alikuwa nacho yeye, alikichukua kwa utani, na asilaumiwe mtu mwingine. "Kiwandani kwetu tulihesabu mali iliyotoka," akasema. "Bisibisi hatukuzihesabu. Sikujua. Huyu binti angewaachia mwondoke, mimi ningeamini mpaka kesho kuwa nimefanya mzaha mzuri."

Yule mteja aliyeniuliza kama nina bosi akauliza swali ambalo sikulitegemea: kama ile bisibisi isingepatikana kabisa, ningefanya nini? Nikamjibu ningeing'oa injini. Akaniuliza ingechukua muda gani. Nikasema ingechukua muda wake. Akacheka, akarudi garini kujikinga na mvua.

Rubani ndiye aliyenipa habari za Dar. Mwenye kampuni alikuwa amefoka kwenye simu mpaka watu wa posta wakasikia, akasema nirudi kwa basi na atatuma mtu mwingine. Kumbe fundi mkuu, na homa yake, alikuwa ametoka kitandani akaenda kukaa pale ofisini kusubiri simu kutoka Morogoro. Alichukua mkono wa simu akamwuliza rubani maswali mawili: kifaa kimepatikana? Bado. Amesaini? Amekataa. Akamwambia mwenye kampuni, rubani akisikia, "Sasa umepata mtu wa kusaini. Yule asiyeweza kukataa ndiye wa kumwogopa." Mwenye kampuni akakata simu, na huyo mtu mwingine hakumtuma. Kibali changu kilitoka wiki ile ile, na yeye mwenyewe hakuwahi kulizungumzia jambo hilo tena, isipokuwa aliacha kunitazama pembeni.

Lakini hayo yalikuwa ya baadaye. Mchana ule mvua ilikaza, ndege ikafunikwa turubai, na lori la Mgeta lilikuwa karibu kuondoka. Akina mama walikuwa wameteremka mlima mzima kuona ndege ikiruka na hawakuiona ikiruka. Nilikwenda nao mpaka stendi. Mama mkubwa alikuwa kimya njia nzima, na ukimya wa mama mkubwa si kitu cha kawaida. Mjomba aliamua kupanda nao, ingawa nyumba yake iko Mafiga. Nilipomuuliza kwa nini, alisema anataka habari ifike ikiwa imenyooka.

Alipokuwa ameshakanyaga tairi kupanda, mama mkubwa, aliyekwisha kaa juu ya magunia, akamwambia kwa kejeli kuwa amewashusha mlima na kuwapandisha bure, ndege yenyewe haikuruka. Mjomba akasimama pale pale juu ya tairi.

"Kuruka, hata kunguru anaruka," akasema. "Watu wenye magari, rubani wao, na fedha zao, wote wametaka ile ndege iende. Mwanetu amesema haiendi, na haikwenda. Wewe umewahi kuona wapi?"

Mama mkubwa aliinama kutoka juu ya magunia. Kisha akavuta kanga yake akaniwekea kichwani, kwa sababu mvua ilikuwa inaninyeshea na sikuwa nimejua.

Asubuhi ya pili anga ilikuwa safi na milima ilionekana mpaka kileleni. Nikahesabu vifaa, nikahesabu tena. Mwenzangu alisimama na mikono nyuma, mbali na sanduku, kuonyesha kuwa hana kitu. Nikasaini. Ndege ikakimbia kwenye nyasi, mbuzi wakatawanyika, ikaondoka. Hakukuwa na mtu wa kwetu wa kuiona. Tulikunja turubai tukaanza safari ya Dar, na mwenzangu akaimba mpaka tunafika, vibaya sana.

Nimesaini ndege nyingi tangu hapo, kubwa kuliko ile, na zote zilirudi. Nimewafundisha vijana, wa kike na wa kiume, na wote wananiogopa kidogo, kama inavyofaa. Mwaka mmoja baada ya siku ile nilipanda Mgeta kwa mazishi ya yule mzee wa fimbo. Nilishuka kwenye lori nikaanza kupanda njia ya miguu, nikiwa na mkoba na viatu vya mjini visivyofaa. Njiani nilipishana na bibi mmoja nisiyemjua, ana mzigo wa njegere kichwani. Nikampa shikamoo, akaitikia, akapita. Kisha nikasikia hatua zake zimesimama. Aligeuka na mzigo wake, pole pole, akanitazama toka kichwani mpaka kwenye viatu, akaniuliza kama mimi ndiye yule binti aliyeikataza ndege.

Nikamwambia ndiye mimi.